Natafuta Mjinga Mwenzangu

Jumamosi, 3 Mei

Leo nimekwenda darasani. Mimi! Miaka sitini na nane, elimu iliyoishia darasa la nne, magoti mabovu — nimepanda ngazi za maktaba mpaka juu.

Yote kwa sababu ya mjukuu wangu yule. Kaenda chuo, kaniachia chumba kitupu, laptopu yake ya zamani, na kile kigemu chake cha mkononi juu ya kitanda. Kwenye simu ananiambia: Bibi, usikiguse, utakiharibu. Nitakiharibu! Mimi niliyeendesha pasi ya mvuke ya hospitali, dude kubwa kama kitanda, linaloweza kumeza mkono hadi kiwiko, na sikuliharibu hata siku moja! Nikamuuliza, hivyo vitu vinavyorukaruka humo ndani nani kavitia? Akasema, watu wanaandika maagizo, Bibi, mashine inafuata. Nikasema basi na mimi nitaandika. Akacheka. Kicheko kile ndicho kilichonipandisha ngazi.

Chumba cha darasa kina meza ndefu, kompyuta nane, feni moja inayolalamika. Mwalimu ni binti mpole wa miwani mikubwa. Namwita Miwani. Kasema tukae wawili wawili, na kila siku tuandike tulichojifunza. Haya, naandika. Lakini naandika ninachotaka mimi.

Darasa la wanaoanza, ati. Waongo wakubwa! Nimekalishwa pamoja na binti mwenye kofia, vidole vyake vinakimbia kama panya darini. Kabla sijafuta miwani yangu keshamaliza. Nikamwambia, mwanangu, mbona sijaona kitu? Akasema, si tumemaliza, Bibi?

Tumemaliza!

Jumapili, 4 Mei

Nimewaza. Shuka la hospitali halikunjwi na mtu mmoja. Mnashika ncha, mnavuta, mnaendeana, mnakutanisha mikono, mnarudi nyuma. Mwenzio akiwa mwepesi kuliko wewe, anakunyang'anya. Akiwa mzito, shuka linafagia sakafu. Kule dobini nilikuwa na mwenzangu mmoja, tulikunja pamoja hata mikono hatuitazami, tunasengenya tu. Mungu amrehemu.

Ninachotaka ni hicho. Walimu wapo. Nataka mjinga mwenzangu.

Jumanne, 6 Mei

Nimemwambia Miwani aandike tangazo la mlangoni. Kaandika: "Anatafutwa mwanafunzi mwenza wa ngazi ya awali." Nikamuuliza, huyo ni mtu au ni cheo? Nimelibandua. Nimeandika langu, kwa herufi kubwa, imenichukua muda lakini limesimama:

NATAFUTA MJINGA MWENZANGU WA KUJIFUNZA KUTENGENEZA GEMU ZA MKONONI. ANAYEJUA ASIJE.

Miwani kasema, Bibi, neno mjinga litawaudhi watu. Nikamwambia mjinga ni asiyejua, mpumbavu ni asiyetaka kujua. Atakayeudhika tutamjua ni yupi.

Alhamisi, 8 Mei

Wamekuja wawili. Wa kwanza muuza bima, hajui kitu kweli, lakini alitaka kunikatia bima ya mazishi. Nikamwambia atangulie yeye. Wa pili kasema anaanza tu, halafu akaanza kunieleza habari za kumbukumbu na kasi na sijui nini. Nikamwonyesha mstari wa mwisho wa tangazo.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini vidole vingine viko wapi?

Jumamosi, 10 Mei

Amekuja!

Nimemkuta amesimama mbele ya tangazo, mzee mrefu, shati limepigwa pasi vizuri — hilo nililiona kwanza — mkono wa kulia mfukoni. Nikamuuliza anatafuta nani. Akasema:

"Nadhani natafutwa mimi."

"Unajua nini?"

"Sijui kitu."

"Kabisa?"

"Binti yangu ndiye huniwashia simu."

Nikamvutia kiti.

Alikuwa fundi saa. Kibanda chake kiko nyuma ya posta, sasa binti yake anauzia makava ya simu hapohapo. Yeye hukaa nyuma anatazama watu. Kasema amechoka kutazama watu. Ananiita dada mkubwa! Nikamwambia, mvi zako zimezaa zangu, dada mkubwa wako nani? Akasema, aliyefika darasani kwanza ndiye mkubwa.

Ana tabia moja ya ajabu. Anasoma kila kitu kwa sauti, polepole, neno baada ya neno, kama mtoto wa chekechea. Nikamkemea: unasali? Akasema ndivyo anavyoelewa. Basi, kila mtu na kilema chake. Na kweli leo nimeelewa kila kilichoandikwa kwenye kioo.

Nikamweleza habari ya shuka. Tumekubaliana, tena kwa kupeana mikono — kanipa wa kushoto, sikuuliza: hakuna anayetangulia. Hakuna kugusa kazi bila mwenzako. Tunajua pamoja au hatujui pamoja.

Tumefanya nukta moja nyeupe ikatokea katikati ya kioo. Nukta tu. Tuliitazama kama watu waliozaa.

Jumatano, 14 Mei

Nukta sasa ni mtu. Ana kichwa, miguu miwili, na kikapu. Gemu yetu ni hii: nguo ziko kambani, mvua inakuja, mtu aanue nguo zote kabla hazijalowa. Wazo langu. Fundi alitaka gemu ya saa, nikamwambia nani atacheza saa? Akakubali. Kaongeza dimbwi la maji katikati, mtu akikanyaga anaanza upya. Nimemsifu kwa ukatili huo.

Tukaandika: kitufe cha kulia kikibonyezwa, mtu aende kulia. Miwani akaunga waya, akaimimina kazi yetu kwenye kigemu cha mjukuu, nilichokuja nacho mkobani. Nikabonyeza. Akaenda! Akaenda, akaenda — akatoka nje ya kioo. Kapotea! Hatukumwambia pa kusimama. Fundi akakichukua kigemu, akakitegea sikio kama saa iliyokwama. Nami nikainama kutazama chini ya meza, Mungu nisamehe, kama vile kaanguka huko. Darasa zima linatutazama.

Mara katokea upande wa kushoto. Anatembea tu na kikapu chake, kama aliyetoka dukani.

Tulicheka mpaka Miwani akatuletea maji. Halafu nikasema, laiti wote wanaotoka wangerudi hivyo. Fundi akasema, "Mm." Mkewe naye alitoka, miaka minne sasa. Hatukuendelea na hayo. Tukamjengea mtu wetu ukuta.

Jumamosi, 17 Mei

Mdomo wangu huu! Ungekuwa nguo ningeuchemsha kwa dawa.

Leo tulikuwa tunajaribu dimbwi. Mimi nabonyeza, yeye anasoma. Nikasema, zamu yako, Fundi. Akasema, bonyeza wewe. Mara ya pili, bonyeza wewe. Mara ya tatu nikapaza sauti: "Utoe mkono mfukoni! Umeficha nini humo, mayai?"

Watu wakacheka. Yeye akautoa.

Ulikuwa unatetemeka kama kifuniko cha sufuria inayochemka. Akaushika mkono huo kwa mwenzake, akaupeleka kwenye kitufe, akabonyeza. Yeye alibonyeza mara moja. Mashine ikasikia mara tano. Mtu wetu akaruka moja kwa moja dimbwini. Akajaribu tena. Dimbwini. Tena.

"Ndiyo maana niliacha saa," akasema, kwa sauti ya mtu anayezungumzia hali ya hewa. "Skrubu zake ni kama macho ya sisimizi."

Nilitaka kusema pole. Pole haikutoka. Ikatoka hii:

"Hii mashine ndiyo pumbavu. Mkono umesema neno moja, yenyewe imesikia matano. Kama jirani yangu."

Akanitazama. Halafu akacheka, akacheka mpaka akafuta macho, na safari hii alifuta kwa mkono wa kulia, mbele ya watu wote. Tukarudi kwenye kazi. Lakini mpaka tunaondoka mtu wetu hajavuka dimbwi akiwa mikononi mwa Fundi. Alishuka ngazi taratibu. Sikupenda mgongo wake ulivyokuwa.

Jumanne, 20 Mei

Nimempigia Miwani. Nimemuuliza, mashine inaweza kufundishwa adabu? Kasema inaweza. Unaiambia ikishasikia kitufe mara moja, iwe kiziwi kidogo. Isisikilize mpaka muda fulani upite. Kazi yetu ipo kwenye laptopu ya mjukuu, huwa Miwani ananiwekea. Nikakaa nayo mezani jikoni tangu asubuhi, chai ikapoa mara mbili. Kusoma peke yangu kazi! Maneno yanakimbia. Leo nilitamani yule mzee na sala zake.

Kupata huo muda ndiyo shughuli. Ukiwa mfupi, bado inasikia uvumi. Ukiwa mrefu, inakuwa kama karani wa ofisini, unabonyeza yeye hana habari. Nikautetemesha mkono wangu makusudi nijaribu. Kumbe unachoka! Dakika chache tu bega linauma. Nikawaza, yeye anashinda nao siku nzima.

Nimepata! Mkono unatetemeka, mtu anatembea wima kama askari. Kakanyaga ukingo, karuka dimbwi, kaanua shuka la kwanza! Nikapiga kigelegele jikoni mpaka jirani akaja kuuliza nani anaolewa.

Kesho Fundi ataona!

Jumatano, 21 Mei

Ameona.

Miwani alipokwisha kuimimina kazi, nilimwekea Fundi kigemu mkononi bila kusema neno. Akabonyeza. Hatua moja. Akabonyeza. Hatua moja. Mkono unatetemeka, mtu hatetemeki. Karuka dimbwi! Uso wake ulifunguka, ulikuwa wa kijana. Kaanua nguo mbili. Halafu akaacha kubonyeza.

"Umefanya lini?"

"Jana."

"Peke yako?"

"Na nani tena?" Bado nacheka, mimi!

Akakiweka kigemu mezani, taratibu, kama saa ya mtu.

"Tulikubaliana."

Nikasema, lakini Fundi, si nimekusaidia? Akasema angetaka dawa angekwenda kwa daktari. Akasema, "Nilitafuta mjinga mwenzangu. Sikutafuta muuguzi." Akarudisha mkono mfukoni. Mlangoni akageuka: "Shuka umelikunja peke yako, mama."

Mama! Hajawahi kuniita mama.

Nilikasirika njia nzima. Mwanamume mzima, ananunia wema! Aende. Wajinga wamejaa mjini.

Ijumaa, 23 Mei

Mjukuu kapiga simu. Anauliza gemu yetu imefika wapi, na yule babu wa saa hajambo? Nimesema hajambo. Kasema ameshawaambia wenzake chuoni, Bibi yangu ana mwenza wa kuandika gemu. Anataka aje likizo acheze. Nikasema dimbwi la gemu litakuwa limejaa samaki akifika. Hata sijui nilimaanisha nini. Nilitaka tu akate simu.

Jumamosi, 24 Mei

Hakuja. Kiti chake nimekiwekea mkoba asikae mtu.

Binti mwenye kofia kasogea kunisaidia. Nimemfukuza. Nimejaribu kusoma maagizo ya kutengeneza mvua. Mstari mmoja nimeusoma mara nne. Miwani kasema niusome kwa sauti. Nikasoma kwa sauti. Sauti yangu peke yake chumbani kama mtu anayeongea na ukuta.

Alinyamaza wiki nzima kuhusu mkono wake, nami nikautangaza darasani. Halafu nikamletea dawa kwenye sinia kama mgonjwa wa wodi. Kule hospitali niliwaona wagonjwa wale. Hawakuchukia ugonjwa kama walivyochukia kulishwa.

Haya. Nimeliandika.

Jumatatu, 26 Mei

Nimekwenda nyuma ya posta. Kibanda ni kidogo, makava ya simu yananing'inia kila rangi, na ukutani saa moja tu ya zamani, bado inatembea. Yeye yuko nyuma kwenye kigoda. Binti yake akanikaribisha. Fundi hakuinuka.

"Umeleta saa?"

"Sina saa. Nimeleta mdomo."

"Huo sitengenezi."

Binti kaanza kupanga makava yaliyokwisha kupangwa, masikio yamesimama kama ya sungura.

"Nimefuta," nikasema.

"Umefuta nini?"

"Ule ujuaji wangu wa Jumanne. Wote. Mtu wetu amerudi kuwa mlevi kama zamani."

Akatazama mikono yangu, siyo uso.

"Lakini unajua ulivyofanya."

"Najua. Kichwa hakina kitufe cha kufuta, Fundi."

"Basi wewe si mjinga tena."

Nikasema, kwa hilo moja tu. Kwa yaliyobaki bado mjinga mzima, na Jumamosi nimeshindwa hata mvua, amuulize Miwani. Hakucheka. Upande mmoja wa mdomo ulicheza kidogo, labda nzi. Nikasema nimekosa. Neno hilo lilitoka kama mwiba wa samaki kooni, lakini lilitoka. Hakusema atakuja. Hakusema hatakuja.

Binti yake kanisindikiza mpaka barabarani. Nikamwambia, mwambie baba yako nimezikumbuka hata zile sala zake za kusoma kwa sauti. Akashangaa. Kusoma kwa sauti? Baba? Baba hasomi kwa sauti hata jina lake, anasema mtu akimsomea gazeti anajisikia amezeeka.

Nimerudi kwa miguu. Sikutaka kukaa na watu.

Kumbe aliniona tangu siku ya kwanza, ninavyofuata maneno kwa kidole, akawa ananisomea mimi. Wiki zote hizi. Na hakunitangulia hata neno moja.

Jumatano, 28 Mei

Naandika hapahapa mezani, wenzangu wanaandika gemu. Kiti kina mkoba wangu. Mtu wetu yuko kwenye kioo na kikapu chake, nguo hazijaanuliwa.

Miwani kapita mara mbili. Kautazama mkoba, kaendelea. Binti ana akili.

Saa ya ukutani inasema muda umekwenda. Magoti ya Fundi ni mazima kuliko yangu, ngazi siyo sababu.

Ameingia.

Kasimama mlangoni kwanza, karibu na tangazo langu. Kalisoma. Halafu kaja mpaka hapa, anatazama mkoba.

"Huyu ni nani?"

"Anakushikia nafasi. Ni mjinga lakini hasemi."

"Kakushinda basi. Sogea, dada mkubwa."

Dada mkubwa! Nimesogea. Nimesogea mpaka karibu nianguke.

Kaweka mikono yote miwili juu ya meza. Wa kulia unagonga ubao, tk tk tk. Hakuna anayeutazama isipokuwa mimi, nami natazama kioo. Kasema anataka kujua namna ya kuifanya mashine iwe kiziwi kidogo. Nikasema tumuulize Miwani. Miwani kanitazama, nikamtazama, akaanza kueleza mwanzo kabisa, kama hajawahi kunieleza. Nimemwombea mume mwema.

Sasa Fundi anasoma. Kwa sauti, polepole, neno baada ya neno. Sijamwambia kitu kuhusu hilo, na sitamwambia. Namfuata kwa kidole.

Tumefika penye muda. Kanigeukia, niseme ni kiasi gani. Nimesema sijui — tujaribu. Ulimi nimeuuma, unauma kweli. Kafikiri, kaandika namba ndefu kama ya simu, tena kaiweka juu ya mstari wa kutembea badala ya chini yake! Mashine itangoja kwanza ndipo isogee! Mtu atasimama hapo mpaka mvua inyeshe, ikauke, inyeshe tena. Naiona. Naiona wazi kama doa kwenye shuka jeupe. Miwani naye ameiona, amegeuka dirishani.

Sijasema.

Waya umeungwa. Kigemu kiko mkononi mwake, mkono unatetemeka, kidole kimeshuka. Amebonyeza.

Mtu hajasogea.

"Mbona kimya?" anauliza.

Nimemwambia labda anafikiri. Fundi akasema, basi tumwachie. Kakiinamia kioo, nami nimeinama, vichwa vyetu vimekaribiana mpaka nasikia pumzi yake. Bado hajasogea. Binti mwenye kofia ananyoosha shingo, anataka kusema kitu, nimemkata jicho.

Tunangoja.